Kidevu cha Karvelis

"Mteja wako ni mwongo wa aina yake," alisema Delia Tuohy, akiitupa karatasi mezani. "Nimeona watu wanaokana wizi. Nimeona wanaokana watoto wao wa kuwazaa. Lakini huyu kakana jina lake, kakana nchi yake, kakana kazi yake, halafu alipofika kwenye kosa la miaka kumi jela akaitikia kama mtu aliyeitwa kula."

Wakili Alden Thripp hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na saba na kola iliyomzidi shingo, na hii ilikuwa kesi yake ya kwanza yenye uzito. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, mwezi Machi 1911, mjini Ashbrook, Massachusetts. Saa nane mchana Hakimu Colcord angeamua kama maelezo hayo ya kukiri kosa yapokewe mahakamani. Yakipokewa, Thrasos Karvelis, Mgiriki, mfuma sufu, angekwenda gerezani kwa kuchoma ghala la kiwanda. Yakikataliwa, upande wa mashtaka ungebaki na mashahidi wawili walioona "mgeni mwenye masharubu" akikimbia. Wagiriki wa Ashbrook walikuwa wanaume mia nane, na asiye na masharubu alikuwa ameyanyoa jana kwa bahati mbaya.

"Nisomee tena," alisema Thripp.

Delia akasoma.

*Swali: Jina lako ni Thrasos Karvelis? Jibu: Nei.*

*Swali: Wewe ni Mgiriki? Jibu: Nei.*

*Swali: Unafanya kazi kiwanda cha sufu? Jibu: Nei.*

*Swali: Uliingia ghalani Jumanne jioni? Jibu: Aliitikia kwa kichwa.*

*Swali: Wewe ndiye uliyewasha moto? Jibu: Aliitikia kwa kichwa.*

"Nei," alirudia Thripp. "Hiyo ni 'hapana' ya Kiingereza cha zamani, ya bibi yangu. Ya kwenye Biblia. Siku hizi hata makasisi wameiacha. Mgiriki mwenye miezi minane nchini kaitoa wapi?"

"Labda bibi yako anatoka jioni bila kukuaga."

"Delia!"

"Basi, basi. Kuna njia mbili. Ama jamaa ni mwongo, ama kweli huyo siye Karvelis. Mtu akikana jina, huenda si lake. Huenda polisi wamemkamata mmoja badala ya mwingine, na wao hawana habari kwa sababu machoni pao wote ni mtu mmoja." Akachukua kofia yake. "Nipe mpaka saa saba."

Kabla ya kuwa mpelelezi wa ofisi ya Thripp, Delia alikuwa ameandika hatimkato mahakamani miaka sita. Alikuwa amesikia uongo wa kila daraja, na hakuwahi kusikia uongo uliopangwa kinyumenyume namna hii.

Kituoni, Kapteni Looby alikuwa amekaa nyuma ya meza yake kama aliyejengwa hapo pamoja na ukuta.

"Binti wa Mick Tuohy!" alisema. "Marehemu baba yako angejua unawapigania hawa watu, angegeuka kaburini."

"Baba yangu alikaa rumande ya kituo hikihiki wiki mbili, Kapteni. Mzee mmoja alikuwa amesema mwizi wake ni Mwairishi mwenye nywele nyekundu."

"Hiyo ilikuwa zamani. Mimi sikuwepo."

"Baba yako alikuwepo. Walilala benchi moja, kwa nywele zilezile."

Askari wa mlangoni akageuka haraka kutazama dirisha, mabega yakimtikisika. Looby akamkata jicho.

"Hawa ni tofauti, mwanangu. Sisi tulikuja na adabu zetu. Huyu bwana nimemuuliza polepole, kwa sauti ya juu kabisa..."

"Kwa Kigiriki?"

"Kwa Kiingereza! Mtu akitaka kuelewa, anaelewa. Na unajua alinifanyia nini? Alinifyonya. Mimi, Kapteni! Namuuliza, 'Wewe ndiye uliyewasha moto?' Anainua kidevu juu kama malkia, anafumba macho, ananifyonya. Yaani, 'Ndiyo nimewasha, utanifanya nini?' Kichwa kikaitikia, ulimi ukanitukana."

"Alifyonya mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Nyingi. Halafu akagoma kula. Siku mbili! Kila tukimuuliza kama ana njaa, anakataa. Hayo ni mambo ya wale wapindua serikali, yameandikwa magazetini. Siku ya tatu askari mmoja alichoka akaiacha sahani mbele yake tu."

"Ikawaje?"

"Ililiwa mpaka ikang'aa," alisema askari wa mlangoni.

Delia akaandika kwenye kijitabu chake: *kufyonya*. Chini yake: *sahani*. Hakujua bado atazifanyia nini, lakini alikuwa na mazoea ya kuokota vitu visivyo na mwenyewe.

Pembeni, kwenye dawati refu, alikaa karani Wadleigh, mzee wa miaka sabini aliyenyooka kama kalamu yake. Delia alimsogelea.

"Mzee Wadleigh, haya maelezo umeyaandika wewe?"

"Nimeandika hatimkato. Kuchapa kachapa binti wa taipureta, kwa maelekezo ya Kapteni. Mimi naandika kila kinachotokea chumbani, Bi Tuohy. Mtu akipiga chafya, naandika chafya. Wanachochagua kuchapa si shauri langu."

"Naweza kuliona daftari?"

"Daftari ni la polisi!" alifoka Looby kutoka mezani kwake.

"Kesi ikishafika kwa Hakimu, daftari linaonwa na pande zote mbili, Kapteni. Nimeifanya kazi hii miaka arobaini na moja." Wadleigh akaitazama saa ya ukutani. "Lakini sasa ninanakili orodha ya mashahidi, na sifanyi mambo mawili kwa wakati mmoja. Rudi saa sita na nusu."

Delia hakuwa na la kufanya ila kufuata njia yake ya pili. Akaenda Mtaa wa Wagiriki.

Alipoingia mkahawa wa Stamatis, wanaume kumi na tano walinyamaza kwa pamoja. Mwanamke alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti kile. Mmoja aliyekuwa ameshika karata aliiinua kufunika uso. Stamatis mwenyewe, mtu mnene mwenye aproni safi, alimwekea kiti, glasi ya maji, na kisahani cha matunda yaliyopikwa kwenye sukari mpaka yakawa mekundu, kisha kikombe kidogo cha kahawa nyeusi tititi. Alifanya yote hayo bila neno. Kiingereza chake kilikuwa kifupi kuliko kikombe.

Delia akatoa gazeti lenye picha ya mahabusu, akaweka kidole juu yake.

"Huyu ni Karvelis?"

"Ne," alisema Stamatis. *Nei*. Wazi kabisa.

Delia akasogeza kiti karibu. "Si yeye? Ni mtu mwingine?"

Stamatis akainua kidevu juu, nyusi zikapanda, macho yakafumba nusu. Kichwa kimekubali.

Akageukia meza ya pili, akawaonyesha picha. "Karvelis?" "Ne." "Ne." "Ne." "Mtu mwingine?" Videvu vitatu vikapanda juu.

Delia akaandika kwa haraka hata ncha ya penseli ikakatika: *SI KARVELIS. Watu wawili. Mashahidi wanne.* Thripp angeruka mpaka kola imfike masikioni. Kesi imekwisha saa tano na dakika hamsini, na bado kuna muda wa kunywa kahawa.

Akainywa. Ilikuwa chungu hata ikamtoa machozi.

"Samahani, una maziwa?"

Stamatis akainua kidevu. *Ts*, ulimi ukalia kwenye meno.

Delia akashukuru, akangoja. Stamatis akaendelea kufuta glasi. Ikapita dakika, ikapita nyingine.

"Bwana Stamatis. Maziwa? Unayo?"

Kidevu juu. *Ts*.

"Ahsante," alisema Delia, akangoja tena. Huyu bwana ni mwema, aliwaza, ila ni mvivu kuliko mlango wa kanisa. Mara ya tatu aliuliza kwa ishara, akimimina maziwa ya hewani kikombeni. Stamatis alimtazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akachukua jagi la maziwa kwenye rafu, akaligeuza juu chini mbele ya pua yake. Halikutoka hata tone. Akainua kidevu polepole, ili hata mpumbavu aelewe.

*Ts*.

Delia akalitazama lile jagi, akakitazama kile kidevu. Kisha akagonga meza kwa kidole.

"Hii ni meza?"

"Ne."

"Hii meza ni farasi?"

Kidevu juu. *Ts*. Mwenye karata aliteremsha karata.

"Mimi ni mwanamke?"

"Ne! Ne!" walisema wengi kwa pamoja, na mmoja akaongeza jambo la Kigiriki lililomfanya Stamatis amrushie kitambaa.

"Mimi ni Kapteni Looby?"

Videvu kumi na vitano vikapanda, ndimi kumi na tano zikalia *ts*, na mkahawa mzima ukaangua kicheko. Delia alikuwa tayari anafuta ukurasa wa kijitabu chake. *Si Karvelis* ilikatwa mstari. Badala yake akaandika: *Ndiyo yao ni nei yetu. Kidevu juu ni hapana.* Akasoma maelezo ya kukiri upya, safari hii akiyageuza kama jagi. Jina lako? Ndiyo. Mgiriki? Ndiyo. Kiwandani? Ndiyo. Uliingia ghalani? Hapana. Uliwasha moto? Hapana, na ulimi kabisa.

Mwongo wa kinyumenyume alikuwa amesema kweli kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kengele ya kiwanda ililia saa sita. Mlango ukafunguka, wafumaji wakaingia na vumbi la sufu mabegani. Mbele yao alikuwa Lambros, binamu yake Karvelis, mwenye Kiingereza cha miaka mitano.

"Wewe ndiye bibi wa wakili?" aliuliza. "Binamu yangu anakula?"

"Sasa anakula. Bwana Lambros, binamu yako miezi minane yuko hapa. Hajui 'ndiyo' na 'hapana' za Kiingereza?"

Lambros akavua kofia, akaikunja kama anayetaka kuificha. "Anazijua sana. Mimi ndiye niliyemkataza."

"Ulimkataza?"

"Sikiliza, dada yangu. Siku ya kwanza kiwandani msimamizi aliniuliza jambo, sikuelewa, nikasema ndiyo. Kumbe ananiuliza kama nitaweza mitambo miwili kwa mshahara wa mmoja. Mpaka leo naendesha miwili. Mwenzangu Stelios akaulizwa, naye hakuelewa, akasema hapana. Kumbe anaulizwa kama anaitaka kazi. Wakamtoa mlango huohuo. Basi nikamwambia Thrasos, 'Mbele ya Mmarekani usitamke zote mbili. Sema zetu. Hawataelewa, hawatakufanya kitu.'" Akaikunjua kofia. "Nikajiona nina akili."

"Saa nane uwe mahakamani," alisema Delia. "Na hawa wote. Waje na videvu vyao."

Saa sita na nusu Wadleigh alimfungulia daftari. Looby alikuwa amekwenda kula, na hilo lilikuwa jambo jema. Delia alisoma hatimkato ya mzee kama wengine wasomavyo barua za wachumba. Kila mahali ambapo karatasi iliyochapwa ilisema "aliitikia kwa kichwa", daftarini palikuwa na alama ndogo, ndoano inayotazama juu, na pembeni yake herufi mbili: *ts*.

"Hii ndoano ni nini, mzee?"

"Kidevu juu. Ikitazama chini, ni kidevu chini. Sikuwahi kuziona za juu nyingi hivyo, kwa hiyo nilimuuliza Kapteni zichapwe vipi. Akasema kichwa kikitikisika kimetikisika, andika ameitikia."

Delia akaendelea kufunua. Alichokuwa akitafuta ni swali moja tu, lenye jibu linalojulikana na ulimwengu mzima, lililojibiwa kwa ndoano ya juu. Bila hilo, Looby angesema Wagiriki wamefundishwa mchezo mkahawani.

Akalipata ukurasa wa kumi na mbili. Alilisoma mara mbili, akaweka kiganja mdomoni.

"Hili halikuchapwa," alisema.

"Halikuchapwa," alikubali Wadleigh. "Kapteni alisema lilikuwa utani tu." Akafunga kalamu yake. "Mimi siandiki utani, Bi Tuohy. Naandika kilichosemwa."

Mahakama ilijaa. Safu tatu za nyuma zilikuwa za Wagiriki, kofia magotini. Karvelis alisimama kizimbani, mwembamba, masharubu yamelala, akimtazama binamu yake tu. Hakimu Colcord alikuwa mzee wa Kiyankii, mjukuu wa walowezi wa Kiingereza, ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake.

Thripp alianza kwa kutetemeka kidogo, akamaliza bila kutetemeka. Alieleza *ne*. Alieleza kidevu. Mwendesha mashtaka alisimama, akatabasamu.

"Mheshimiwa, tunaombwa kuamini kwamba kuna watu duniani ambao ndiyo yao ni hapana. Kesho tutaambiwa wanatembea kwa mikono."

Hakimu aligeuka ghafla, akaziangalia safu tatu za nyuma.

"Nyinyi huko! Mnataka niahirishe shauri hili mpaka mwezi ujao?"

Lambros alinong'ona maneno mawili. Videvu arobaini vikapanda. *Ts!* Sauti ilienda ukutani ikarudi.

"Wamefundishwa!" Looby alikuwa wima. "Leo hii, Mheshimiwa, mkahawani! Huyu binti alionekana akiingia!"

"Inawezekana," alisema Hakimu. "Bwana Thripp, unacho chochote kilichoandikwa kabla ya leo?"

Thripp akamwita karani Wadleigh, akamwomba asome ukurasa wa kumi na mbili wa daftari la siku nane zilizopita. Mzee akavaa miwani. Alisoma kwa sauti ileile ambayo angesomea tangazo la mazishi.

"Swali la Kapteni Looby: 'Nasikia Wagiriki mna mikia. Wewe unao?' Jibu: kidevu juu. Macho kufumba. *Ts*."

Mwendesha mashtaka aliacha kutabasamu.

"Na kidevu juu," alisema Thripp, "katika maelezo yaliyoletwa hapa mahakamani, kimechapwa vipi kila mahali?"

"'Aliitikia kwa kichwa.'"

Hakimu Colcord alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Kapteni Looby. Kwa kipimo kilekile kinachosema mtu huyu alikiri kuwasha moto, amekiri pia kuwa na mkia. Ulimkagua?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Mbona? Ingekuwa kielelezo muhimu."

Askari wa mlangoni ndiye aliyeanza kucheka, na baada yake hakuna aliyeweza kuzuia chochote. Hata mwendesha mashtaka alijificha nyuma ya karatasi. Wagiriki, ambao Lambros alikuwa akiwatafsiria safu kwa safu, walicheka kwa zamu, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Hakimu alingoja. Kisha akanyoosha kidole kwenye daftari. "Na huu mstari wa chini, karani?"

"Swali: 'Una njaa?' Jibu: 'Nei.' Kidevu chini. Liliulizwa mara sita, siku mbili."

Kicheko kikakatika. Looby alikuwa mwekundu mpaka kwenye nywele, ambazo nazo zilikuwa nyekundu tangu mwanzo.

"Mara sita alisema ana njaa," alisema Hakimu polepole, "nanyi mkamwandika mgomaji. Mji huu una Wagiriki mia nane, Kapteni. Ilikuwa kazi ya dakika mbili kumuuliza mmoja." Akachukua kalamu. "Maelezo haya hayapokelewi. Mwendesha mashtaka, una ushahidi mwingine zaidi ya masharubu?"

Mwendesha mashtaka alitazama safu tatu za nyuma. Akahesabu kwa macho, akakata tamaa kabla ya safu ya pili.

"Kwa sasa hapana, Mheshimiwa."

"Mshtakiwa yuko huru. Aliyechoma ghala atafutwe, safari hii kwa masikio." Akageukia kizimbani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea. "Bwana Karvelis, umeelewa? Unataka kwenda nyumbani?"

"Ne!" alisema Karvelis kwa nguvu zake zote.

Askari wa kizimbani, aliyeizoea kazi yake miaka tisa, akamshika mkono kwa upole na kuanza kumrudisha rumande.

"Hapana!" walipiga kelele Delia, Thripp na Wadleigh kwa pamoja. Askari akasimama katikati, mguu mmoja huku, mwingine kule, akimtazama Hakimu, Hakimu akimtazama Karvelis.

Karvelis alimtazama Lambros. Lambros alikuwa ameinua kidevu, akimsihi kwa macho: usithubutu, binamu, unawajua hawa. Karvelis akamgeukia Hakimu, akashika kizimba kwa mikono miwili.

"Ndiyo," alisema, kwa Kiingereza safi kabisa.

Askari akamwachia mkono. Huko nyuma, Lambros akajifunika uso kwa kofia.

"Haya," alisema kwa uchungu, "kesho kapewa mitambo miwili."